Joseph Dutton, munganga aliyezikwa Kasongo

Ukimwuliza mtu wa Maniema ni wageni gani wakubwa waliopita Kasongo zamani, hatachelewa kukujibu. Atataja Tippu Tip, ambaye mji ule ulikuwa wake. Atataja Livingstone aliyefika Nyangwe, pale karibu, mwaka 1871. Pengine atataja na Dhanis aliyeingia na askari wa Bula Matari mwaka 1893. Lakini kuna mwingine, kijana wa miaka 30, ambaye hakuja na bunduki wala biashara ya pembe. Alikuja na mikroskopi yake na vichupa vyake, akafa Kasongo tarehe 27 mwezi wa pili 1905, akazikwa kule kule. Jina lake ni Joseph Everett Dutton. Wanganga wa dunia nzima wanalitaja jina hili, sababu lilipewa mikrobi ya ule ugonjwa uliomwua. Siye ambao inchi yetu ina kaburi lake, ni wachache wanaomjua.

Alizaliwa tarehe 9 mwezi wa tisa 1874 katika jimbo la Cheshire, Uingereza. Alisoma sekondari katika mji wa Chester, kisha akaenda Liverpool kusomea unganga, akamaliza mwaka 1897. Juu ya utoto wake hatuna mengi ya kusema. Lakini ule mji wa Liverpool, huo tuuseme, maana ndio uliomtuma Afrika. Ni bandari. Meli zake zilikwenda Afrika ya Mangaribi kuchukua mafuta ya ngazi na mpira, na mara mingi zilirudi na mabaharia wanaotetemeka kwa homa. Wenye meli waliona hasara. Mwaka 1898 walitoa feza ili kuanzishwe pale shule ya kuchunguza magonjwa ya inchi za joto, na mwalimu mmoja wa kwanza alikuwa Ronald Ross, yule aliyeonyesha kwamba malaria inaletwa na imbu. Basi kijana aliyetoka katika shule ile alikuwa amekwisha kufundishwa jambo moja kubwa: usitazame mgonjwa peke yake, tazama na mdudu anayemuuma.

Mwaka 1900 Dutton alikwenda Nijeria pamoja na wenzake wawili kuchunguza malaria na minyoo ya damu. Mwaka 1901 akatumwa peke yake Gambia, kazi yake ikiwa kutafuta namna ya kupunguza imbu katika mji wa Bathurst, ambao leo unaitwa Banjul. Pale ndipo bahati ilipomkuta. Munganga wa serkali, Forde, alikuwa na mgonjwa mmoja Mzungu, kapiteni wa meli ya mtoni. Homa yake ilikuja na kuondoka bila kusikia kinini. Forde alitazama damu yake akaona vitu vidogo kama minyoo vinacheza, asijue ni nini. Alipomwonyesha Dutton, mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ule, Dutton aliitambua: ni tripanosoma, mikrobi ya jamii ile inayoua farasi na ng'ombe, lakini mara hii iko katika damu ya mtu. Akaipa jina la Trypanosoma gambiense mwaka 1902.

Yeye mwenyewe hakujua bado ameshika nini mkononi. Mwaka 1903 tu, kwa kazi ya Castellani na Bruce kule Uganda, ndipo watu walipofahamu kwamba tripanosoma ndiyo inayoleta malale, na kwamba anayeipeleka ni mbung'o. Na ile aina ya Gambia ndiyo hii hii inayosumbua Kongo mpaka leo. Kwa hiyo, msomaji, ukisikia kikosi cha malale kimefika kijijini kupima watu, kumbuka kwamba mikrobi wanayoitafuta bado ina jina ambalo yule kijana aliipa.

Mwaka 1902 alirudi Gambia na Senegal pamoja na munganga mwingine kijana, John Lancelot Todd, Mukanada. Hawa wawili walikuwa kama jembe na mpini. Walipima damu za watu zaidi ya elfu moja na kupata wachache sana wenye ile mikrobi.

Sasa tufike kwetu. Wakati ule Kongo ilikuwa bado mali ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Malale ilikuwa inamaliza vijiji kando ya mto, na kijiji kikimalizika hakuna tena wa kubeba mizigo wala wa kuleta mpira. Tusidanganyane: siyo huruma peke yake iliyomfanya mfalme aite wanganga wa Liverpool. Ilikuwa miaka mibaya, watu wanalazimishwa kuleta mpira, wanapigwa, wanakimbilia porini, na katika kukimbia wanachukua magonjwa toka pahali mpaka pahali. Mwaka ule ule wa 1903 Roger Casement alizunguka mtoni kuandika habari ya mateso hayo. Dutton, Todd na mwenzao wa tatu, Cuthbert Christy, walifika Boma mwezi wa tisa 1903, kisha wakapanda mpaka Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, wakafanya pale laboratwari yao.

Walitumika sana. Walipapasa shingo za watu kutafuta yale mafundo ya malale, na kazi hii ya kupapasa shingo ikawa baadaye namna ya kutambua wagonjwa katika vijiji vyote vya Kongo. Wazee wengi wanaikumbuka. Tena waliandika habari ya funza mmoja ambaye analala katika vumbi la nyumba na kutoka usiku kunyonya damu ya wanaolala chini. Mchana ukitafuta huoni kitu, mpaka uchimbe udongo chini ya mkeka. Jambo hili la funza tulishike, kwa sababu lilizoeza macho yao kutazama chini, penye vumbi, kabla ya kukutana na yule mwingine.

Katikati ya mwaka 1904 Christy alirudi Ulaya. Dutton na Todd wakapanda mto. Toka Leopoldville mpaka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ni kilometa karibu 1.700. Walipofika upande wa mashariki walikuta habari ya ugonjwa ambao siyo malale na siyo malaria. Watu wa inchi hawakungoja munganga kuwaambia unatoka wapi. Walisema wazi: ni yule kupe wa nyumbani. Wangwana na watu wa pwani walimwita papasi, na pengi katika Kongo walimwita kimputu. Livingstone pia alikuwa ameandika juu yake katika kitabu chake cha mwaka 1857. Lakini wanganga wengi wa Ulaya waliona ni maneno ya kijijini tu.

Papasi siye kupe wa ng'ombe wala wa mbwa. Kupe wa ng'ombe anashika ngozi na kukaa siku nyingi mpaka avimbe. Papasi ni mwizi wa usiku. Mwili wake ni wa rangi ya udongo, ngozi yake ina makunyanzi kama ngozi ya viatu vya zamani, hana macho, na mdomo wake umefichwa chini ya tumbo, hata ukimtazama kwa juu huuoni. Mchana anakaa katika nyufa za ukuta wa udongo, katika vumbi la pembeni, chini ya mawe ya jiko, katika miguu ya kitanda. Usiku mtu akilala, anakuja polepole, ananyonya nusu saa au karibu saa moja, mwenye kulala hata hageuki, kisha anaanguka na kurudi katika ufa wake. Asubuhi unaona alama tu. Na njaa haimwui: anaweza kukaa miaka mingi bila kula na akaendelea kungoja. Nyumba ikiachwa na watu, yeye haihami.

Waza basi njia za zamani, toka Tanganyika mpaka Kasongo na Nyangwe, na kuteremka mpaka Stanleyville. Kila mwisho wa safari ya siku moja kulikuwa na nyumba ya wageni, sakafu ya udongo, kuta za udongo. Leo wanalala wapagazi 50, kesho askari, kesho kutwa wafanya biashara na mikeka yao. Papasi alipata chakula kila usiku, tena alisafiri bure ndani ya mikeka na mizigo mpaka nyumba inayofuata. Wenyeji wa kule, waliokwisha kuumwa toka utoto, homa haikuwaangusha sana. Mpita njia ndiye aliyeanguka.

Na homa yenyewe ni ya ujanja. Kama juma moja hivi baada ya kuumwa, mtu anashikwa gafula: joto kali, kichwa, mgongo, viungo vyote, kutapika. Inakaa siku tatu, ine, hata zaidi. Halafu jasho jingi linatoka, joto linashuka, mgonjwa anasimama, anaomba chakula, anasema nimepona. Baada ya juma moja au karibu, inarudi tena. Inaondoka, inarudi. Kuna wanaorudiwa mara kumi. Kwa wengine inashika macho au ubongo. Mwanamke mwenye mimba ndiye wa kuogopewa kuliko wote, maana mara nyingi anapoteza mtoto, au mtoto anazaliwa na ugonjwa na kufa katika siku zake za kwanza.

Mwisho wa mwaka 1904, kule Stanleyville, Dutton na Todd walitazama damu ya wagonjwa wa namna hii, wakaona ndani yake vitu vyembamba vilivyojisokota kama uzi wa chuma wa kufungulia chupa, vinakwenda mbio kati ya chembe za damu. Mikrobi hizi ni spiroketa. Ulaya zilijulikana: Obermeier alikuwa ameziona Berlin katika homa nyingine ya kurudirudi, ile ambayo baadaye ilionekana inaletwa na chawa. Sasa swali lilikuwa: je, kweli papasi ndiye anayezileta huku, sawa watu wanavyosema? Kusema ni rahisi. Kuonyesha ndiyo kazi.

Wakatumia makako. Walikusanya papasi katika nyumba za njia, wakawaacha wanyonye damu ya makako wazima. Makako wakashikwa na homa, na katika damu yao mikrobi zikaonekana. Lakini hapo mtu mbishi angeweza kusema: pengine papasi ana damu ya mgonjwa iliyobaki mdomoni tu, anaipaka kama sindano chafu. Basi wakafanya jambo ambalo mimi naona ndilo la akili kuliko yote. Walichukua mayai yaliyotagwa na papasi wenye ugonjwa, wakangoja yaanguliwe, na wale watoto, ambao tangu kuzaliwa hawajaonja damu ya mtu wala ya nyama, wakawekwa juu ya makako. Makako wakagonjwa. Kumbe mikrobi inapita toka kwa mama mpaka ndani ya yai! Maana yake nyumba moja inaweza kubaki na ugonjwa hata kama hakuna mgonjwa aliyelala mle miaka mingi. Mtu anaoa, anajenga upya paa, anafagia, lakini ukuta umerithi ugonjwa.

Wakati wanaendelea na kazi hii, habari ikawafikia toka Uganda. Wanganga wawili wa Kiingereza, Philip Ross na Milne (huyu Ross siye yule wa malaria, msiwachanganye), walikuwa wamekwisha kuandika katika gazeti la wanganga, mwezi wa kumi na moja 1904, kwamba homa ya papasi inatokana na spiroketa. Waza maumivu ya watu walio mbali hivi na kwao, wamekwisha kuona jambo kwa macho yao, kisha wanasikia wengine wamelitangaza kwanza. Dutton na Todd hawakuleta ubishi. Waliwaachia Ross na Milne haki ya kutangulia, wakaendelea na lile ambalo lilibaki, yaani papasi na mayai yake. Katika mwaka 1905 Robert Koch naye, akiwa Afrika ya Mashariki ya Wadachi, Tanzania ya leo, aliona zile mikrobi ndani ya mayai ya papasi wa njia za wapagazi. Mashahidi wawili, pande mbili za Tanganyika, walisema neno moja.

Lakini ugonjwa haukuheshimu waliokuwa wanauchunguza. Wote wawili, Dutton na Todd, walishikwa na homa ile ile. Pamoja na hayo walipanda Lualaba na kuendelea mpaka Kasongo. Kasongo ya wakati ule siyo tena mji mkuu wa Tippu Tip. Vita vya 1892 mpaka 1894 vilikuwa vimepita, Bula Matari alikuwa na posta yake pale, na nyumba za udongo zilikuwa bado na wapangaji wao wa nyufani.

Katika mwezi wa pili 1905 Dutton alizidiwa. Tufikiri vizuri hali ile. Hapakuwa na dawa. Kinini, ambayo kila msafiri alikuwa nayo, haifanyi kitu kwa spiroketa. Munganga wa karibu naye alikuwa Todd, rafiki yake, mgonjwa sawa yeye. Wote wawili walijua kuliko watu wengine wote duniani homa hii ni nini, inatoka wapi, inapita namna gani. Na ujuzi ule wote haukutoa hata kidonge kimoja. Tarehe 27 akafa. Todd akabaki na daftari, vichupa vya papasi na mikroskopi.

Kuna wanaosema alikufa kama shujaa. Mimi sibishi, lakini naona tukumbuke na wengine. Wapagazi waliolala katika nyumba zile zile, na kuachwa njiani homa iliporudi, hakuna gazeti la wanganga lililoandika majina yao. Hata wale walioonyesha ufa ambamo papasi anakaa hawatajwi.

Todd alirudi Ulaya mwaka ule ule, na ile taarifa juu ya homa ya kupe katika mashariki ya Kongo ikachapwa Liverpool mwaka 1905 kwa majina ya wote wawili, mfu na mzima. Mashauri ya Todd juu ya malale yalifuatwa na serkali: wagonjwa kutengwa, watu kukatazwa kusafiri bila kupimwa. Mashauri yale yalizuia ugonjwa pahali pengine, lakini yalileta na vilio, maana mgonjwa alichukuliwa kwa nguvu mbali na jamaa yake. Haya Dutton hakuyaona. Mwaka 1906 wanganga wawili wa Marekani, Novy na Knapp, walionyesha kwamba mikrobi ya papasi siyo sawasawa na ile ya Ulaya, wakaiita kwa jina la Dutton. Leo inaitwa Borrelia duttonii. Na Liverpool waliweka kiti cha profesa wa elimu ya wadudu kwa ukumbusho wake. Wa kwanza kukikalia, mwaka 1911, alikuwa Newstead, yule aliyekuwa amepasua na kuchora papasi waliotoka Kongo.

Dawa ilichelewa. Kwanza zilijaribiwa dawa za arseniki, toka mwaka 1910 na kuendelea. Kisha ikaja penisilini, kisha tetrasiklini, na hizi zinaua mikrobi kweli. Lakini saa chache baada ya dawa ya kwanza joto linaweza kupanda sana kabla ya kushuka, kwa hiyo mgonjwa asiachwe peke yake usiku ule. Leo inajulikana pia sababu ya homa kurudirudi: mwili ukikwisha kuitambua mikrobi na kuipiga, chache zilizobaki zinageuza nguo zao za juu, mwili hauzitambui tena, zinazaa mpaka joto linapanda upya. Imejulikana tena kwamba papasi haambukizi kwa mate peke yake. Akinyonya anatoa majimaji karibu na miguu yake, na mikrobi zimo ndani, zinaingia kwa kidonda. Ndiyo maana kumponda papasi juu ya ngozi yenye mchubuko siyo vizuri.

Ugonjwa huu haujaisha. Uko katika Tanzania ya katikati, uko na kwetu Kongo, hasa katika nyumba za udongo zenye nyufa, na mara mingi unahesabiwa tu kama malaria isiyosikia dawa. Kuziba nyufa, kupiga sakafu ya simenti, kuinua kitanda na kukiweka mbali na ukuta, hivyo vinampunguza papasi sana. Shida nyingine iko kwa wapimaji wa damu: mgonjwa akija siku ambayo homa imeshuka, mikrobi ni chache mno na mikroskopi haizioni, anaandikiwa hana kitu, anarudishwa nyumbani. Damu ichukuliwe wakati joto liko juu. Na mwuguzi mwenye uzoefu, akiona homa ya tatu au ya ine kwa mtu mmoja, kabla hajatafuta sindano anamwuliza usiku ule wa safari alilala katika nyumba gani.